Usiubeze mchuzi ambao hujauonja

Leo nataka tuzungumze habari ya mabishano. Si mabishano ya siasa, wala ya Gor Mahia na AFC Leopards, kwani hayo umeyazoea. Ni mabishano yaliyoingia mitaani mwetu na katika mabweni ya vyuo: lugha ipi ya kompyuta iliyo bora kuliko zote?

Usigeuze ukurasa, ewe mzazi unayesema kwamba kompyuta ni mambo ya watoto. Mabishano haya nusura yamtie dada yangu hasara ya karo ya muhula mzima, na kesho yaweza kubisha mlangoni pako.

Dada yangu huuza nguo za mitumba Gikomba. Huamka saa kumi za alfajiri ili awepo marobota yanapofunguliwa. Kwa nguo hizo amemsomesha kifungua mimba wake hadi akaingia chuo kimoja hapa Nairobi kusomea kompyuta. Katika mwaka wa kwanza, wanafunzi wa chuo hicho hufundishwa kuandika programu kwa lugha iitwayo Java. Kijana alianza vyema. Kila Jumamosi alinipitia nyumbani na kunieleza mambo ambayo, nakiri, nusu yake sikuyaelewa.

Kisha akaanza kupotea. Jumapili moja dada alinipigia simu. "Kaka," akasema, "njoo uzungumze na mpwa wako. Hii ni wiki ya tatu haendi darasani, na hela nimekwisha kulipa."

Nilimkuta kijana ameketi kitandani. "Mjomba," akaniambia, "wanatufundisha lugha iliyokufa. Java ni ya wazee. Siku hizi watu wanatumia Python. Naona heri niache, nitafute mahali wanakofundisha mambo ya kisasa."

Nikamuuliza ni nani aliyemwambia hayo.

"Kila mtu anajua, mjomba."

Huyo "kila mtu", msomaji wangu, alikuwa vijana watatu wanaoketi kwenye benchi nje ya duka moja pale pale plotini. Nikamwambia mpwa wangu twende nikawasikie mwenyewe.

KWENYE BENCHI

Tulikuta mambo yamepamba moto. Wa kwanza alikuwa akisema kwamba Java imekufa. Wa pili alidai Python ni lugha ya watoto, na ni polepole kama mkokoteni uliopasuka gurudumu. Wa tatu akaapa kwamba PHP ni takataka tupu, na COBOL nayo ilizikwa pamoja na babu zetu. Mimi nami sikukubali kupitwa. Kwa kujitia ujuzi nikasema Java haiwezi kuwa imekufa kwa sababu ndiyo hiyo hiyo JavaScript inayotumiwa kwenye tovuti. Wakaangua kicheko, na hapo walikuwa na haki.

Kando yao alikuwa ameketi mzee jirani, mstaafu wa benki moja, akisoma gazeti lake kimya. Akalikunja. "Vijana wangu," akasema, "hebu mnisaidie. Wewe unayesema Java imekufa, uliandika programu gani kwa Java?"

Kimya.

"Na wewe unayesema Python ni polepole, ilikuchelewesha wapi?"

"Mzee, mimi nimesikia tu watu wakisema."

"Na wewe uliyeizika COBOL? Mimi nimeiandika kwa miaka ishirini na miwili. Mishahara ya watu wengi imepita mikononi mwangu. Kama ilikufa, mbona sikualikwa matangani?"

Tulicheka sote, lakini mpwa wangu hakucheka. Nilimwona akiwatazama wale watatu mmoja mmoja. Alikuwa amepoteza wiki tatu za masomo kwa neno la watu ambao hawakuwa wameandika hata mstari mmoja wa lugha waliyoihukumu. Usiku ule sikulala mapema. Nilianza kusoma, ili siku nyingine nisichekwe, na yafuatayo ni machache niliyoyapata.

KISU NA MWIKO

Kompyuta yenyewe haijui Kiswahili, Kiingereza wala Kikamba. Ndani yake mna umeme tu unaowaka na kuzimika, nasi hali hizo mbili tunaziandika kwa tarakimu 1 na 0. Lau mwanadamu angelazimika kuandika kila agizo kwa tarakimu hizo, angechoka kabla ya adhuhuri. Ndipo wataalamu wakabuni lugha za katikati, ambazo mtu huziandika kwa maneno na alama, kisha programu nyingine huzifasiri hadi mashine izifahamu.

Mojawapo ya lugha za kwanza kuenea ilikuwa FORTRAN, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka wa 1957 na kundi lililoongozwa na John Backus. Ilikusudiwa wanasayansi na wahandisi wenye hesabu nzito. Watu wa biashara na serikali walikuwa na haja nyingine: mishahara, bima, akaunti za wateja. Mwaka wa 1959 kamati iliundwa Marekani, na kufikia mwaka wa 1960 maelezo ya COBOL yalikuwa yamechapishwa. Lugha hiyo ilijengwa sana juu ya kazi ya Bi. Grace Hopper, afisa wa jeshi la wanamaji, aliyeshikilia kwamba programu za biashara ziandikwe kwa maneno yanayofanana na usemi wa kawaida.

Waona basi kwamba tangu mwanzo lugha hizi zilikuwa vyombo vya kazi tofauti. Jikoni mwako mna kisu, mwiko na sufuria. Sijawahi kusikia akina mama wakirushiana maneno kwamba mwiko ni bora kuliko kisu. Huuliza kwanza: tunapika nini leo?

Na hapa niungame kosa langu la Java na JavaScript. Java ilitolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka wa 1995, na aliyeiongoza kazi hiyo ni James Gosling. JavaScript ni lugha nyingine kabisa. Brendan Eich wa kampuni ya Netscape aliandika umbo lake la kwanza kwa muda wa siku kumi, mwezi wa Mei mwaka huo huo wa 1995. Ilikuwa na majina mengine kabla ya kupewa hilo la JavaScript mwezi wa Desemba, wakati ambapo Java ilikuwa ikisifiwa kila mahali. Kuziita kitu kimoja ni sawa na kumwambia mgeni kwamba mbuzi wa kuchinjwa ni yule yule mbuzi wa kukunia nazi.

Na je, Java imekufa? Tangu mwaka wa 2018 toleo lake jipya hutoka kila baada ya miezi sita. Ni maiti gani huyo azaaye mara mbili kwa mwaka?

WALIOMLAUMU ASIYEKUWEPO

Kisa kilichonigusa zaidi ni cha New Jersey, jimbo la Marekani. Mwezi wa Aprili mwaka wa 2020 ugonjwa wa Covid ulikuwa umefunga viwanda na maduka, na watu wengi mno waliomba fedha za msaada wa wasio na kazi kwa wakati mmoja. Mitambo ikalemewa. Gavana Phil Murphy akatangaza hadharani kwamba walihitaji watu wa kujitolea wanaojua COBOL, kwa kuwa kompyuta za jimbo zilikuwa za zamani.

Habari hiyo ilienea haraka, na hukumu ikatolewa papo hapo: lugha ya vikongwe imewanyima maskini chakula. Baadaye, mwaka huo huo, mwanahistoria wa kompyuta Mar Hicks aliandika makala ndefu juu ya jambo hilo. Alieleza kwamba programu za COBOL zilizokuwa ndani zilikuwa zikifanya kazi. Kilichokwama ni tovuti ya kupokelea maombi, nayo ilikuwa imeandikwa kwa Java, lugha changa zaidi. Alieleza pia kwamba wataalamu wa kuitunza mitambo hiyo walikuwa wamepunguzwa kwa miaka mingi ili kubana matumizi.

Tafadhali usiniambie sasa kwamba kumbe Java ndiyo mbovu. Hilo nalo lingekuwa kurudia kosa lile lile. Duka likikosa wahudumu, wateja hupanga foleni hata mlango ukiwa wa dhahabu. Ila tazama madhara ya kusema bila kuchunguza: ukimlaumu asiyekuwepo, mwenye kosa hulala usingizi wake salama, na foleni haipungui.

MKALIMANI WA MKUTANO

Tuje kwa kijana wa pili, yule wa Python. Huyu alikuwa amesikia nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli humpoteza mtu kuliko uongo mtupu.

Umewahi kuhudhuria mkutano mkubwa wa injili ambapo mhubiri ametoka ng'ambo? Husema sentensi moja, mkalimani aliye kando akaifasiri, kisha nyingine, hadi mwisho. Kwa jumla, hivyo ndivyo Python inavyofanya kazi. Lugha kama C hufanana na kitabu ambacho kilifasiriwa chote kabla ya kufika dukani. Wewe unasoma tu. Kwa hiyo ni kweli, kazi ile ile ya hesabu ikiandikwa kwa Python tupu huchukua muda mrefu kuliko ikiandikwa kwa C.

Lakini waandishi wa Python hawafanyi hesabu nzito kwa Python tupu. Huzikabidhi kwa sehemu zilizoandikwa kwa C na lugha nyingine za kasi, kama mama mwenye hoteli anayeandika oda mwenyewe, na moto wa jikoni akawaachia wapishi. Ndiyo maana lugha hii, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka wa 1991, hutumiwa sana na wanasayansi. Hata Instagram, iliyoanza mwaka wa 2010, ilijengwa kwayo. Mtu akikuambia Python ni polepole, muulize: kwa kazi gani, na nani alikuwa akisubiri?

Na PHP aliyoiita takataka yule wa tatu? Rasmus Lerdorf aliitoa mwaka wa 1995. Mitambo ya Wikipedia imeandikwa kwayo. Hata Ushahidi, jukwaa lililozaliwa hapa Kenya mwaka wa 2008 ili watu wapate kuripoti ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, lilipoenezwa kwa mataifa mengine lilikuwa limeandikwa kwa PHP. PHP ilikuwa na kasoro zake, na wenye kuitumia ndio wa kwanza kuzitaja. Toleo la 7, lililotoka mwaka wa 2015, liliongeza kasi yake sana. Anayeitukana leo kwa kasoro za mwaka wa 2005 ni kama anayesimulia barabara ya Thika kana kwamba haijapanuliwa.

HATA WAKUBWA HUTELEZA

Usidhani ugonjwa huu ni wa vijana wa benchi peke yao. Edsger Dijkstra wa Uholanzi alikuwa miongoni mwa mabingwa wakuu wa taaluma hii, na mwaka wa 1972 alipewa tuzo ya Turing, iliyo kubwa kuliko zote katika fani hiyo. Mwaka wa 1975 aliandika maneno makali juu ya COBOL, na juu ya BASIC akasema kwamba mwanafunzi aliyeianza hiyo ni vigumu kufundishika tena, akili imekwisha haribika.

BASIC ilibuniwa mwaka wa 1964 katika chuo cha Dartmouth, Marekani, na walimu wawili, John Kemeny na Thomas Kurtz, waliotaka hata mwanafunzi asiye wa sayansi aweze kuitumia kompyuta. Mmoja wa watoto walioanza kwa BASIC, kwenye kompyuta ndogo ya babu yake, alikuwa Linus Torvalds wa Finland. Mwaka wa 1991 ndiye aliyeanzisha Linux. Ikiwa simu uliyonayo ni ya Android, basi imejengwa juu ya kazi ya akili hiyo "iliyoharibika".

Dijkstra alijua mengi kuliko sisi sote, na alikuwa na sababu zake za kutaka watu wafikiri kwa utaratibu. Lakini kujua lugha vizuri si sawa na kujua mtoto atafika wapi.

SI KWAMBA ZOTE NI SAWA

Hapa huenda ukaniuliza: basi tuseme kila lugha ni nzuri, tusibishane tena? La hasha. Lugha hutofautiana, na baadhi ya tofauti hizo zimepimwa.

C na C++ humwachia mwandishi jukumu la kupanga mwenyewe jinsi nafasi ya kumbukumbu ya kompyuta inavyotumiwa. Akikosea, mwizi hupata pa kupenya. Mwaka wa 2019 wataalamu wa Microsoft walieleza kwamba takriban asilimia 70 ya kasoro za usalama walizokuwa wakizirekebisha kila mwaka zilitokana na makosa ya namna hiyo. Rust, lugha ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka wa 2015, imeundwa ili iyazuie mengi ya makosa hayo kabla programu haijaanza kutumika. Desemba 2022, toleo la Linux lililotoka lilikuwa la kwanza kuipokea Rust. Huo ulikuwa ubishi wenye faida. Kulikuwa na kazi, kulikuwa na kipimo, na waliobishana walikuwa wameushika mpini.

Hata hivyo lugha salama haimwokoi mzembe. Ada iliundwa kwa ajili ya kazi zisizotaka makosa, na programu za roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 ziliandikwa kwayo. Tarehe 4 Juni 1996 roketi hiyo, katika safari yake ya kwanza, ililipuka kabla ya dakika moja kwisha. Sehemu ya programu ilichukuliwa kutoka Ariane 4 bila kujaribiwa kwa mwendo wa roketi mpya. Tarakimu moja ikawa kubwa kuliko nafasi iliyotengewa. Roketi haikuwa na abiria, tunashukuru.

MASWALI YA KUULIZA

Mzazi mwenzangu, huhitaji diploma ya kompyuta ili umlinde mwanao na wasemaji wa aina hii. Nawe mwanafunzi, huhitaji kuwa bingwa ili usipotezwe. Maswali matatu ya mzee jirani yangu yanatosha, nami nimeyaweka hapa jinsi alivyonieleza tulipozungumza tena.

Kwanza, wewe umeitumia kufanya nini? Asiyekuwa na jibu tumsikilize kwa adabu, kisha tuendelee na safari yetu.

Pili, uliitumia lini? Lugha hizi hubadilika. Ushuhuda wa miaka kumi iliyopita ni historia, nayo ina mahali pake, lakini si habari ya leo.

Tatu, ni kwa kazi gani? Jibu likiwa "kwa kila kazi", jua unazungumza na shabiki, si fundi.

Kisha mzee akaongeza neno ambalo silisahau. "Lugha ya kwanza," alisema, "ni kama baiskeli ya kwanza. Hakuna aliyejifunza kuendesha kwa Raleigh akashindwa kupanda nyingine. Kinachobaki ni ule usawa wa mwili." Yeye mwenyewe alianza na COBOL, na alipokaribia kustaafu walimletea Java. Aliilaani kwa wiki mbili, kisha akaizoea.

Mpwa wangu alirudi darasani Jumatatu iliyofuata. Siwezi kukuambia kwamba mambo yalinyooka mara moja. Jaribio moja lilikuwa limempita, na mama yake alilipa ada ya kulirudia kwa hela alizokuwa ameweka za robota. Ijumaa jioni kijana huketi na mzee, kila mmoja na daftari lake, mzee akimwonyesha jinsi hesabu ya mishahara inavyopangwa kwa COBOL, naye akimwonyesha mzee jinsi ya kuipanga kwa Java.

Wale vijana watatu bado wapo kwenye benchi. Si watu wabaya. Walirudia tu walichokisikia, kama nilivyofanya mimi siku ile. Juma lililopita nilipita nikawasikia wamehamia kwenye akili bandia, wakisema kwamba baada ya mwaka mmoja hakuna atakayehitaji kujifunza lugha yoyote ya kompyuta. Mpwa wangu alikuwa amesimama kando na mfuko wa sukuma wiki aliotumwa na mamake.

"Wewe umeijaribu kwa kazi gani?" akauliza.

Nilitembea nikaenda zangu nikicheka peke yangu.